Panga la tabaini linakaa kwenye moto unaozidi joto la kuyeyuka kwake: wana Kusini tuongee aloi za nikeli

Mwana_Shangani (mleta mada):

Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa mradi wa LNG (gesi asilia inayopozwa mpaka iwe kimiminika) wa Likong'o, Lindi, kuna mdau aliandika kwamba gesi tunayo, nikeli tunayo Nachingwea, basi kinachotuzuia kuunda tabaini hapa hapa Lindi ni uvivu na siasa. Nilianza kumjibu kule, nikaona nitaharibu uzi wa watu. Nimehamia huku.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kunirushia mawe ajue pa kulenga: siri ya tabaini haiko kwenye madini. Orodha ya madini yanayoingia kwenye panga la tabaini iko wazi, mtu yeyote anaisoma. Kinachofichwa ni namna ya kulimimina, kulipoza na kulivika.

Kwanza tuelewane tabaini ya gesi ni kitu gani, maana ukimtajia mtu wa hapa mjini mtambo wa gesi anawaza ule wa TANESCO Mtwara. Ule una injini za pistoni, ukoo mmoja na injini ya lori, ila zinakunywa gesi. Ninayoisemea iko mwisho wa bomba. Gesi ikishasafishwa Madimba inasafiri hadi Dar, na pale Kinyerezi I inachomwa kwenye mashine za LM6000. LM6000 ni injini ya ndege iliyofungwa chini: imetokana na CF6-80C2, ile inayobeba Boeing 767. Hewa inaingia mbele, kompresa inaibana, gesi inachomwa humo ndani, moshi unatoka kwa kasi na kuyasukuma mapanga yaliyochomekwa kuizunguka diski. Diski ikizunguka jenereta inazunguka, na wewe unawasha feni.

Sasa namba. Nikeli safi inayeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi. Ukiichanganya na wenzake ukapata aloi ya tabaini, inaanza kuyeyuka mapema zaidi, kwenye 1,300 na kitu. Moshi unaoingia kwenye safu ya kwanza ya mapanga katika injini za kisasa unavuka 1,600. Na panga lenyewe halijatulia. Kwenye injini kubwa za ndege linazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na mzunguko unalivuta kutoka kwenye diski kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 10. Kitu cha urefu wa kiganja hicho. Na linatakiwa livumilie maelfu ya saa.

Mtu atauliza, kwa nini wasipunguze moto? Kwa sababu moto ndio hela. Moshi ukiwa wa moto zaidi, gesi ile ile inatoa umeme mwingi zaidi. Mwaka 2016 mtambo wa Bouchain kule Ufaransa ulifikisha asilimia 62.22, yaani katika kila sehemu 100 za joto la gesi, 62 zimetoka kama umeme. Wanafika huko kwa kutumia pia joto la ekzosi kuchemshia maji na kuzungusha tabaini ya mvuke, mpango ule ule wa Kinyerezi II. Lakini mlango wa kuingilia huko ni panga la safu ya kwanza. Likishindwa moto, hesabu yote inaanguka.

Nitaendelea baada ya swala.

Korosho_Ghafi:

Nimetandika mkeka. Mnada bado, sina haraka.

Nangurukuru:

Mleta mada umetuacha njia panda. Moshi 1,600, chuma kinayeyuka 1,300. Hilo panga haliyeyuki kwa nini? Hata sisi wa Kilwa hesabu ya kutoa tunaijua.

Mwana_Shangani:

Nangurukuru, hilo ndilo swali lenyewe. Panga lina kinga za aina tatu zinazofanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni hewa. Kabla hewa ya kompresa haijafika kwenye moto, sehemu yake inachepushwa na kuingizwa ndani ya panga kupitia kwenye shina. Panga halijajaa, lina vijia vinavyopinda kwenda na kurudi. Hewa hiyo ina nyuzi 600 hadi 700 hivi, na kwa panga hiyo ni hewa baridi. Ikishapita humo inatokea kwenye vitundu vidogo usoni mwa panga na kulala juu yake, kwa hiyo moshi haugusi chuma moja kwa moja. Ubaya wake, hewa unayoichepusha kupozea ni hewa uliyoibana kwa gharama halafu haikuleta kazi. Ndiyo maana wahandisi wanaitumia kwa ubahili.

Ya pili ni kauri. Panga linavikwa zirkonia iliyochanganywa na itria kidogo, unene wake robo ya milimita au pungufu. Chini ya kauri kuna tabaka jingine la metali lenye alumini nyingi, kazi yake kuishika kauri na kuzuia oksijeni isipenye. Kauri ikibanduka hata kipande, pale penyewe panaanza kuungua na saa za panga zinahesabika.

Hizo mbili zikifanya kazi vizuri, chuma chenyewe kinabaki kwenye nyuzi 1,000 hadi 1,100 hivi. Ndipo inapokuja kinga ya tatu, aloi yenyewe. Chuma cha kawaida cha nondo kwenye 700 kimeshakuwa laini hakina kazi.

Adui hapa ni kitu ambacho kwa kawaida hatukioni. Ukilivuta panga kwa nguvu isiyotosha kulikata, ukalishikilia hivyo kwenye moto kwa miezi, linarefuka polepole. Haliyeyuki, halivunjiki, linarefuka tu mpaka linakwaruza ganda la injini au linaanza kupasuka kwenye mipaka ya fuwele zake. Wataalamu wanaita krip. Kanuni ya mtaani kwenye fani hii ni kwamba chuma kikizidishiwa nyuzi 15 tu, umri wa panga unakatika nusu. Kwa hiyo kitundu kimoja cha kupozea kikiziba, kazi imekwisha.

Turudi nyuma kidogo. Frank Whittle alichukua hataza ya injini ya jeti mwaka 1930 na injini yake ikawaka Aprili 1937. Wajerumani wakamtangulia kurusha ndege, Agosti 1939, kwa injini ya Hans von Ohain. Lakini vita vilipokolea Ujerumani ilikuwa na njaa ya nikeli. Jumo 004, injini ya ndege ya kivita Me 262, ikabidi iundwe kwa vyuma vya kubana matumizi, chemba za kuchomea zikiwa za chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Ndege ilikuwa na kasi kuliko ndege zote za propela na injini yake ilidumu saa 10 hadi 25 tu, inatolewa.

Waingereza walikuwa na nikeli, na walikuwa na Nimonic 80, nikeli yenye kromi kama asilimia 20 iliyotiwa titani na alumini kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichobadilisha kila kitu. Alumini na titani zikiwa ndani ya nikeli, joto likipangwa vizuri, zinajikusanya na nikeli kwa uwiano wa moja kwa tatu na kuunda vijichembe vya umbo la mchemraba ndani ya chuma, kila kimoja kama nusu ya sehemu ya elfu ya milimita. Wanaviita gama praimu. Ndani yake atomi zimekaa kwa zamu kali, alumini kwenye pembe, nikeli katikati ya nyuso. Ili chuma kinyooke, lazima safu za atomi ziteleze, na zikifika kwenye chembe hizo zinakwama kwa sababu kuteleza kunavuruga zamu.

Halafu kuna ajabu moja. Vyuma karibu vyote tunavyovijua, ukivipasha moto vinalegea. Gama praimu inazidi kuwa ngumu kadiri joto linavyopanda, hadi karibu nyuzi 800. Hapo ndipo mimi nilipoipenda fani hii.

Fundi_Magomeni:

Aisee sasa naanza kuelewa kitu. Mimi gereji yangu ni malori, na kipindi cha korosho tabo (zile tabochaja za kusukumia hewa kwenye injini) zinakuja zimekufa nyingi. Juzi nilikuwa nataka kulitoboa lile gurudumu la upande wa ekzosi nifanyie kifaa changu. Biti ya drili ilizunguka mpaka ikageuka bluu, ncha ikaisha, gurudumu limewekwa alama tu. Nikaweka sumaku: kwenye shafti inashika kabisa, kwenye gurudumu haishiki kitu. Wakati wote nilidhani ni stenlesi.

Mwana_Shangani:

Fundi, umeshika aloi ya tabaini mkononi. Magurudumu mengi ya tabo upande wa ekzosi humiminwa kwa Inconel 713C: nikeli zaidi ya asilimia 70, kromi 12 hadi 14, alumini kama 6, molibdeni 4 na kitu. Upande wa pili wa shafti ile, unaoingiza hewa, gurudumu ni la alumini maana kule hakuna moto. Shafti ni chuma cha kawaida, ndiyo maana sumaku inashika, na imeunganishwa na gurudumu kwa kusuguliwa mpaka zikashikana au kwa boriti ya elektroni. Chunguza pale kwenye maungio utaona mstari.

Na biti haikufa kwa ubovu wake. Aloi hizi zikikwanguliwa zinajikaza pale pale, na joto haliondoki haraka kwenye ncha. Ukitaka kuzitoboa, mwendo uwe wa pole, mgandamizo usiachie, biti ya kabaidi, na kipozea kisikatike. Ukisitasita tu pale pamekuwa pagumu zaidi.

Korosho_Ghafi:

Kumbe Fuso yangu ina kitu cha ndege 😂 Bei ya usafiri inapanda kuanzia leo.

Bi_Mikindani:

Wanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, somo la sayansi nililifundisha kwa vitabu tu. Umesema panga linapasuka kwenye mipaka ya fuwele. Fuwele ninazozijua mimi ni za chumvi. Chuma nacho kina fuwele?

Mwana_Shangani:

Shikamoo mwalimu. Kina, na mfano wa chumvi unafaa kabisa. Maji ya bahari yakikauka kwenye mashamba yetu ya chumvi, hupati jiwe moja. Unapata punje nyingi zilizoanza kila moja mahali pake, zikakua mpaka zikagusana. Chuma kilichoyeyuka kikipoa ni hivyo hivyo, kinaganda kwa punje nyingi, na pale punje mbili zinapokutana atomi hazijapangana vizuri. Kwenye baridi mipaka hiyo inasaidia, inaongeza ugumu. Kwenye nyuzi 1,000 inakuwa njia ya kupenyea, atomi zinateleza kupitia hapo, nyufa zinaanzia hapo.

Miaka ya 1960 kundi la kampuni ya injini za ndege ya Marekani, Pratt & Whitney, Francis VerSnyder akiwa mmoja wa vinara wake, likaja na hoja nyepesi kuitamka: kama mpaka ndio ugonjwa, tuuondoe. Kwanza wakapata mapanga ambayo punje zote zimesimama wima kufuata urefu wa panga, hakuna mpaka unaokatisha njia ya mvuto. Halafu wakafika kwenye panga zima ambalo ni fuwele moja. Mwaka 1982 mapanga ya namna hiyo yakaanza kubeba abiria kwenye injini ya JT9D-7R4.

Namna ya kulitengeneza nitaieleza kwa kirefu, maana hapa ndipo penye uzi wote.

Unaanza na kiini cha kauri, chembamba, chenye umbo la vile vijia vya hewa vya ndani. Unakizungushia nta kwenye kalibu, unapata panga la nta lenye kiini tumboni. Unalichovya kwenye uji wa kauri, unalinyunyizia mchanga wa kauri, unaliacha likauke, unalichovya tena, tabaka juu ya tabaka. Kisha unaiyeyusha nta inatoka, linabaki ganda tupu na kiini kikiwa kimening'inia mahali pake. Kiini kikiwa kimekaa upande hata kidogo, ukuta wa panga utakuwa mnene huku na mwembamba kule, na panga hilo ni la kutupa.

Ganda linawekwa kwenye tanuri la ombwe. Ombwe ni lazima, kwa sababu alumini na titani zikionja hewa zinaungua kabla hujamimina. Chini ya ganda kuna sahani ya shaba inayopozwa kwa maji. Ukimimina aloi, inaanza kuganda pale chini, punje nyingi zinachipuka na kushindana kupanda juu. Zilizoelekea vizuri zinazishinda nyingine. Halafu njia inabanwa, inakuwa kijibomba kilichojisokota kama mkia wa nguruwe, na kutokana na ule msokoto punje moja tu ndiyo inayofanikiwa kutokea upande wa juu. Hiyo moja ndiyo inayolijaza panga lote.

Wakati huo ganda linashushwa kutoka kwenye tanuri kwa milimita chache kwa dakika. Ukishusha haraka, punje mpya zinazaliwa pembeni. Ukishusha taratibu mno, aloi inajitenga, vitu vizito huku na vyepesi kule, na panga linatoka na madoa ya mnyororo. Wanalichovya kwenye asidi ili punje za kigeni zionekane kwa macho, kisha wanalipiga eksirei kuona fuwele imeelekea wapi. Ikiinama kupita kiwango, hata kama panga ni zuri kwa kulitazama, linarudi kuyeyushwa.

Kiini cha kauri kinayeyushwa kwa soda kali (kostiki) ya moto. Kisha panga linarudi kwenye moto. Kwa CMSX-4, moja ya aloi za fuwele moja, wanapandisha hadi karibu nyuzi 1,300, kwa ngazi ndogo ndogo, maana mahali pa kuyeyukia pako jirani kabisa, halafu 1,140, halafu 870 kwa kama saa 20 ili zile chembe za gama praimu zipate ukubwa unaotakiwa. Mwisho ndipo linatobolewa vitundu na kuvikwa kauri.

Bi_Mikindani:

Marahaba. Nimeelewa kuliko nilivyofundisha.

Mnachingwea_Asilia:

Mimi ndiye niliyeandika kule kwenye uzi wa Likong'o, nimefuata jina langu. Mleta mada umeandika vizuri lakini unawakatisha watu tamaa kitaalamu. Ntaka Hill iko wilayani kwetu, nikeli imo ardhini. Ngara kuna nikeli nyingine, ya Kabanga. Kwa nini tuuze mawe halafu tununue panga? Haya ndiyo yale yale ya bomba.

Likombe_Yetu:

Tusianze ya 2013 jamani, zile vurugu za bomba la gesi, uzi ni mtamu.

Mwana_Shangani:

Ndugu yangu wa Nachingwea, karibu sana, na sikusemi kwa ubaya. Kutaka thamani ibaki nyumbani nakuunga mkono. Ninachobishia ni njia uliyoichora.

Ntaka Hill kwanza. Hiyo nikeli haijawahi kuchimbwa kibiashara. Kilichotoka pale mpaka sasa ni kesi: leseni ilifutwa, wenye mradi wakaenda ICSID, baraza la usuluhishi wa kesi za uwekezaji, na mwaka 2023 ikaamuliwa Tanzania iwalipe zaidi ya dola milioni 109. Tumelipia nikeli ambayo bado imelala chini.

Tuseme imechimbwa. Jiwe linakuwa mbale iliyosagwa, mbale inakuwa nikeli ya kiwango cha juu. Kwenye aloi hizi salfa inatakiwa ihesabiwe kwa sehemu za milioni, kwa hiyo kusafisha peke yake ni kiwanda kizima. Halafu CMSX-4 inataka kobalti 9 hivi kwa mia, kromi 6.5, tantali 6.5, tangsteni 6, alumini 5.6, titani 1, na renimu 3. Renimu hiyo ndiyo kichomi. Iligunduliwa 1925, ni katika metali adimu kabisa kwenye ardhi, inayeyuka kwenye 3,186, na hakuna mgodi wa kuifuata yenyewe. Chile wanaikamata kutoka kwenye moshi wa kuchomea molibdeni, na hiyo molibdeni nayo ni mabaki ya shaba. Kizazi kilichofuata cha aloi kilitaka asilimia 6. General Electric walipoona hali inakuwa ngumu wakatengeneza aloi yenye asilimia 1.5 tu na kuanza kukusanya mapanga yaliyochoka ili waitoe tena.

Na hata ukiwa na vyote, mtazame China. Nikeli wanapata, hela wanazo, wahandisi wanao kwa maelfu, na bado kwa miaka mingi ndege yao ya kivita J-10 iliruka kwa injini ya AL-31F ya Urusi kwa sababu injini yao wenyewe haikuwa ya kutegemewa. Orodha ya madini walikuwa nayo. Uzoefu wa tanuri ndio ulikuwa haujaiva. Upande wa pili, mwaka 2016 Berkshire Hathaway ya Warren Buffett ilinunua Precision Castparts ya Oregon, kampuni ya kumimina vyuma vya aina hii, kwa takriban dola bilioni 37 ukihesabu na madeni. Bei hiyo si ya nikeli.

Kwa hiyo kama ungeniuliza tuanzie wapi Kusini, ningesema tuanzie kwenye kukarabati. Mapanga ya mitambo ya umeme yanatolewa kila baada ya muda, yanavuliwa kauri, yanachunguzwa, yanachomelewa ncha, yanavikwa upya. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika nje. LNG ikija Likong'o itahitaji tabaini za kuendesha kompresa za kuigeuza gesi kuwa kimiminika, na mwenye karakana ya kuvika kauri na maabara ya kukata panga na kulitazama kwa hadubini atakuwa na kazi. Kuunda panga jipya kunaweza kusubiri wajukuu.

Mnachingwea_Asilia:

Hapo kwenye ukarabati umenishika. Kwenye wajukuu bado nabisha.

Mvuvi_wa_Msimbati:

Swali. Huku kwetu upepo wa bahari unakula bati, unakula boti, unakula hata vitasa. Hizo tabaini zikiwekwa ufukweni Lindi chumvi haitaziua?

Mwana_Shangani:

Inaziua kweli, na si kwa kutu ya bati. Chumvi ikiingia na hewa, ikakutana na salfa ya kwenye mafuta, inageuka salfeti ya sodiamu. Hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 884 na kulala juu ya panga kama maji, ikiyeyusha ile ngozi ya oksidi inayolinda chuma. Chuma kinabaki uchi na kuliwa kwa kasi. Meli za kivita zenye tabaini ziliusoma ugonjwa huu kwa machungu.

Dawa ni kromi, lakini hapa ndipo fani inapokuwa na roho mbaya. Kromi ikizidi inagombana na renimu na tangsteni, vinajitenga pamoja ndani ya chuma na kuunda vijisahani vinavyokatika kirahisi. Ndiyo maana aloi za ndege za moto mkali zimeshusha kromi hadi 6 hivi, wakati IN738, ambayo imetumika sana kwenye tabaini za umeme za nchi kavu, ina 16. Mwenye mtambo ufukweni anakubali kupunguza moto kidogo ili apate kinga ya chumvi. Bahati yetu gesi ya huku karibu yote ni methani na salfa hakuna ya kusema, kwa hiyo nusu ya ugonjwa haipo. Nusu nyingine ni vichujio vya hewa. Vichujio vibovu ufukweni ni kosa la gharama kubwa kuliko panga lenyewe.

Abiria_wa_Mtwara:

Mkuu na ndege? Tulisikia ndege za Airbus duniani zimelazwa kwa sababu ya vumbi la chuma. Hiyo nayo ni fuwele?

Mwana_Shangani:

Hapana, hiyo ni diski. Panga ni fuwele moja kwa sababu linakaa kwenye moto mkali na adui wake ni krip. Diski inayoyashika mapanga iko kwenye joto dogo zaidi, ila inavutwa na mapanga yote kwa pamoja, kwa hiyo inataka punje nyingi ndogo ndogo ili ufa usikimbie. Diski nyingi ni Inconel 718, aloi ya Herbert Eiselstein wa miaka ya karibu na 1960, nzuri mpaka kama nyuzi 650. Zinazotaka zaidi ya hapo zinatengenezwa kwa unga: aloi inayeyushwa, inapulizwa iwe vumbi, vumbi linabanwa na kufuliwa.

Julai 2023 kampuni mama ya Pratt & Whitney ilitangaza kwamba unga uliotumika kuanzia mwishoni mwa 2015 hadi 2021 ulikuwa na uchafu kidogo, na diski za PW1100G, injini ya A320neo, zinaweza kupata nyufa mapema. Mamia ya ndege yakalazwa kwa ukaguzi. Uchafu wenyewe huuoni kwa macho. Panga likikatika, ganda la injini linatakiwa lilizuie. Diski ikipasuka hakuna ganda linaloizuia, ndiyo maana hawakufanya mzaha.

Nangurukuru:

Sasa nikeli imefika mwisho? Maana moto wanaupandisha tu na kuyeyuka kuko pale pale.

Mwana_Shangani:

Imekaribia ukuta, ndiyo. Mpaka sasa nyongeza nyingi za joto zimetoka kwenye kupoza na kauri kuliko kwenye aloi. Wajapani wa taasisi ya utafiti ya NIMS wametia rutheni, metali nyingine adimu, kwenye vizazi vya nne na tano, inafanya kazi, ila bei yake usiulize.

Metali zinazoyeyuka mbali zipo. Niobi 2,477, molibdeni 2,623. Tatizo zinaungua: ziweke kwenye hewa ya moto bila kinga uone zinavyopukutika. Njia iliyofika sokoni ni kauri yenye nyuzi za kabaidi ya silikoni ndani yake. Ina kama theluthi ya uzito wa aloi za nikeli, na tangu 2016 iko kwenye injini ya LEAP, lakini kwenye ganda linalozunguka mapanga, sehemu isiyozunguka. Kule nyuma kwenye ubaridi kidogo, injini ya GEnx inatumia mapanga ya titani na alumini, mepesi sana.

NASA mwaka 2022 walionyesha aloi ya GRX-810, yaani nikeli, kobalti na kromi zikiwa na chembe ndogo mno za oksidi ya itria, inayochapishwa kwa leza kutoka kwenye unga. Wao wanasema kwenye nyuzi 1,093 inadumu zaidi ya mara 1,000 kuliko aloi za kawaida zinazochapishwa. Linganisho hilo ni na aloi za kuchapishwa, si na panga la fuwele moja, watu mitandaoni wanaruka hapo. Nzuri kwa vichomeo na chemba. Panga la safu ya kwanza bado ni la nta na tanuri.

Kidato_cha_Sita_PCM:

Kaka shikamoo. Nipo shule hapa Mtwara, nikitaka kusoma haya mambo nijaze kozi gani?

Mwana_Shangani:

Marahaba mdogo wangu. UDSM kuna uhandisi wa metali na uchenjuaji madini, jaza hiyo kwanza. Kemia usiiache kwa sababu unapenda hesabu, nusu ya niliyoyaandika hapa ni kemia. Na likizo nenda kwa Fundi Magomeni ukashike hizo tabo.

Fundi_Magomeni:

Aje, chai ipo. Sasa mleta mada la mwisho, hili ni la tumbo. Nina kiroba cha tabo zilizokufa. Jamaa wa vyuma chakavu wanapima kila kitu kwa bei moja ya chuma. Nifanyeje?

Mwana_Shangani:

Usimpe tabo nzima. Ganda la nje ni chuma cha kumimina, hilo mpe. Gurudumu la alumini weka pembeni na alumini zako. Gurudumu la ekzosi likate kwa grenda pale kwenye maungio na shafti, sumaku itakuonyesha mpaka: inaposhika ni shafti, inapoachia ni nikeli. Kusanya ya kutosha, usiuze moja moja. Halafu ukipeleka Dar, tafuta mnunuzi mwenye ile bunduki ya kupima aina ya metali, aielekeze kwenye kipande mbele yako na akusomee asilimia ya nikeli kabla hamjataja bei.

Korosho_Ghafi:

Fundi, nina tabo mbili chini ya uvungu. Nakuja kesho asubuhi.